Uwiano wa Mabondia na Usalama wa Ubongo

Ubora wa mapambano ya ngumi ya mkoani hupimwa kwanza kwa uwiano wa mabondia: uzito, umri, uzoefu na muda wa mapumziko tangu pambano lililopita. Chipukizi anapopangiwa mpinzani aliyemzidi mno, au anapoitwa siku chache kabla ili kuziba pengo, hupokea makonde mengi ya kichwa asiyoweza kuyakinga. Ubongo hutikisika ndani ya fuvu, na mishipa ya damu iliyo juu yake huweza kuchanika. Damu ikivuja polepole, bondia aliyeshuka ulingoni akitembea huweza kuzidiwa usiku akiwa nyumbani.

Mwaka 1982, Kim Duk-koo wa Korea Kusini alifariki siku chache baada ya kuangushwa katika raundi ya 14 huko Las Vegas. Damu ilikuwa imevuja katika ubongo wake. Baada ya hapo, WBC ilipunguza raundi za ubingwa kutoka 15 hadi 12. Hata hivyo, uchache wa raundi haumlindi aliyepangiwa mpinzani asiyemweza.

Ndugu wakiona maumivu ya kichwa yanayozidi, kutapika, usingizi usio wa kawaida au mboni moja kupanuka kuliko nyingine, wamfikishe mgonjwa hospitalini bila kusubiri mapambazuko.