Shangazi Naye Ahesabiwe

Mwanamke akifika kliniki na uvimbe kwenye titi, daktari humuuliza mapema kama kuna mtu katika ukoo aliyewahi kuugua saratani. Wengi hujibu upesi: mama hana, bibi mzaa mama hakuwa nayo, mama wadogo wote wazima. Wamemaliza. Shangazi hatajwi, wala bibi mzaa baba, kana kwamba maradhi ya matiti hayawezi kutokea kuumeni.

Yanatokea. Baba anaweza kuzeeka bila kuumwa chochote, na bado akawa amemrithisha binti yake kasoro ileile ya jeni iliyomuua dada yake. Kila mtoto wa mwenye kasoro hiyo, wa kike au wa kiume, ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuirithi.

Jeni zinazohusika zaidi ni mbili. Mwaka 1990 mwanasayansi wa Marekani, Mary-Claire King, alionyesha kwamba katika baadhi ya familia saratani ya matiti inafuatana na kipande fulani cha kromosomu namba 17. Mwaka 1994 jeni yenyewe ikapatikana, ikaitwa BRCA1. Mwaka uliofuata ikapatikana BRCA2, iliyoko kwenye kromosomu namba 13.

Utasikia watu wakisema fulani "ana jeni ya saratani". Jeni hizi sote tunazo, na kazi yake ni njema: kukarabati DNA inapokatika ndani ya seli. Kila mtu ana nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Aliyerithi nakala moja mbovu ni kama daladala lisilo na tairi la spea: linakwenda vizuri tu, mpaka pancha ya kwanza. Nakala nzima ikiharibika katika seli moja ya titi au ya mrija wa uzazi, ambako saratani nyingi zinazoitwa za ovari huanzia, makosa ya DNA hurundikana bila fundi.

Nchini Marekani wanawake kama 13 katika kila 100 hupata saratani ya matiti maishani, na mmoja hivi hupata ya ovari. Miongoni mwa wenye BRCA1 mbovu, zaidi ya 60 katika 100 hupata ya matiti, na takribani 40 ya ovari. Kwa BRCA2 hatari ya ovari ni ndogo kuliko hiyo, lakini wanaume nao wamo: hatari ya saratani ya tezi dume huongezeka, na hata ya titi. Ndiyo, mwanaume naye ana titi. Hata hivyo, wagonjwa wengi wa saratani ya matiti hawakurithi kitu. Waliorithi ni kama 5 hadi 10 katika 100. Kutokuwa na historia ya ukoo si sababu ya kupuuza uvimbe.

Ugumu wa historia hiyo uko kwenye mazungumzo yetu. Muulize mzee shangazi alikufa kwa nini, utaambiwa "tumbo". Ukisogea karibu: tumbo lilijaa maji, alikula matonge mawili akashiba, alikwenda haja ndogo kila mara, akatibiwa vidonda vya tumbo. Si lazima iwe ovari, maana ini nalo hujaza tumbo maji. Lakini dalili za ovari ndizo hizo, na zikidumu wiki kadhaa zinahitaji kipimo cha altrasaundi, si dawa nyingine ya gesi. Kwa asiye na dalili, bado hakuna kipimo cha kuaminika. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliohusisha wanawake zaidi ya 200,000, uliotoa majibu yake ya mwisho mwaka 2021, ulionyesha kwamba kuwapima damu na altrasaundi kila mwaka hakukupunguza vifo.

Kwa hiyo chukua karatasi ya daftari. Wanawake wachore kwa duara, wanaume kwa mraba, kama wafanyavyo madaktari: babu na bibi wa pande zote mbili juu, chini yao watoto wao, kisha kizazi chako. Kwa kila aliyeugua andika kiungo na umri. Kinachomshtua daktari ni saratani ya titi kabla ya miaka 50, matiti yote mawili, ovari katika umri wowote, au mwanaume mwenye saratani ya titi. Najua familia zinazoficha haya zikihofia mabinti watakosa wachumba. Hofu hiyo naielewa, ila anayelipa gharama yake ni binti mwenyewe.

Anayejua mapema ana la kufanya: kuchunguzwa matiti akiwa bado kijana, au akishamaliza kuzaa, kuondolewa ovari na mirija, upasuaji unaopunguza sana hatari ya saratani ya ovari. Mwigizaji Angelina Jolie, aliyempoteza mama yake kwa saratani, aliondolewa matiti mwaka 2013 na ovari mwaka 2015 kwa sababu ya BRCA1.

Kipimo cha jeni kwetu bado si huduma ya kila hospitali, na bei yake inauma. Familia ikiweza kumlipia mtu mmoja tu, aanze aliyeugua, kama yu hai, si binti mzima mwenye wasiwasi. Kasoro ikionekana kwake, wengine watapimwa kasoro hiyo moja tu, kwa bei nafuu. Akianza binti na majibu yakawa safi, hakuna atakayejua kama hakurithi kasoro ya ukoo, au kama ukoo una kasoro nyingine ambayo kipimo hakikuiona.