Mti wa Kuhesabu ni Ule Uliopona

Ndugu msomaji, umekwisha kupanda miti mingapi maishani mwako? Na kati ya hiyo, mingapi iko hai leo? Maswali haya yanafanana, lakini majibu yake hayafanani. Mama mmoja wa Kenya aliijua vizuri tofauti hiyo. Jina lake ni Profesa Wangari Maathai. Alifariki tarehe 25 Septemba, 2011. Tumkumbuke, maana sisi wakulima wa Kitomanga tuna la kujifunza kwake.

Mtoto wa mkulima

Wangari alizaliwa tarehe 1 Aprili, 1940, katika kijiji cha Ihithe, Nyeri. Alipokuwa mtoto, mama yake alimkatia kijishamba chake mwenyewe. Akapanda viazi vitamu, maharage na mahindi. Lakini hakuwa na subira. Alifukua mbegu ili aone kama zimeota. Mama yake akamwambia aziache ndani ya udongo, zitatoka zenyewe.

Karibu na kwao palikuwa na mti mkubwa wa jamii ya mkuyu. Wakikuyu huuita mugumo. Mama yake alimkataza kuokota kuni za mti huo. Alimwambia ni mti wa Mungu. Karibu na mti huo ilitoka chemchemi ya maji safi.

Msomi anayekusanya kupe

Mwaka 1960 Wangari alikwenda Marekani kusoma elimu ya viumbe. Mwaka 1971 alipata shahada ya udaktari mjini Nairobi. Hiyo ndiyo shahada ya juu kabisa. Katika Afrika Mashariki na ya Kati, yeye alikuwa mwanamke wa kwanza kuipata. Akawa mwalimu wa wanafunzi wanaosomea uganga wa mifugo.

Katika kazi yake alichunguza kupe wanaoleta ugonjwa wa ndigana kali. Alikwenda vijijini kuwakusanya kupe hao kwenye ng'ombe. Huko aliona jambo kubwa kuliko kupe. Ng'ombe walikuwa wamekonda, mbavu zinahesabika. Majani yalikuwa machache. Mvua ikinyesha, mito ilijaa matope. Matope yale ni udongo wa mashamba ya watu.

Alipokwenda kwao akakuta mugumo umekatwa. Mwenye shamba alitaka nafasi ya kupanda chai. Chemchemi nayo ilikuwa imekauka. Hapo ndipo Wangari alipoelewa maana ya katazo la wazee. Mizizi ya mti mkubwa hupasua ardhi ngumu. Maji ya mvua hupata njia ya kuzama chini, kisha hutokea kama chemchemi. Mti ukiondoka, maji hukimbia juu ya ardhi na kuchukua udongo.

Miti saba ya kwanza

Wanawake wa vijijini walilalamika kwamba kuni ziko mbali na maji ni haba. Wangari akasema: basi tupande miti. Tarehe 5 Juni, 1977, yeye na wenzake walipanda miti saba mjini Nairobi. Kati ya hiyo saba, iliyodumu ni miwili tu.

Hakukata tamaa. Aliwafuata akina mama vijijini. Maafisa wa misitu walipowafundisha, maneno yao yalikuwa magumu. Wangari akawaambia watumie akili ya ukulima waliyo nayo. Mbona mahindi na maharage wanaotesha wenyewe? Akina mama wakaokota mbegu za miti ya kwao. Wakaziotesha hata katika vyungu vilivyovunjika, na kuviweka juu ili kuku wasifukue.

Waliotunza miche walilipwa senti chache kwa kila mche. Lakini hawakulipwa kwa kupanda. Walilipwa kwa mche ulioshika na kukua. Kwa njia hiyo, hadi Wangari anafariki, miti zaidi ya milioni 30 ilikuwa imepandwa.

Kazi hiyo ilimletea taabu. Mwaka 1989 alipinga ujenzi wa jengo refu katika bustani ya Uhuru, mjini Nairobi. Alitukanwa, lakini jengo halikujengwa. Mwaka 1999 alipigwa kichwani hadi akatoka damu, kwa sababu ya kuutetea msitu wa Karura. Msitu huo upo mpaka leo. Mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Siku ya kupata habari hiyo alikuwa Nyeri. Akapiga magoti, akapanda mti.

Hata jeneza lake halikuwa la mbao. Lilitengenezwa kwa mianzi, mafunjo na magugu maji. Hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake.

Na sisi je?

Hapa kwetu tunafyeka mapori ili kupanda ufuta. Ufuta unatupa fedha, hatuwezi kuuacha. Lakini kiangazi kikikolea, mnajua wenyewe jinsi visima vinavyopungua maji. Basi tupande miti, na tuitunze. Fanya hivi:

1. Otesha mbegu mwezi wa Agosti au Septemba, katika viriba au makopo yaliyotobolewa chini. Weka kivuli.

2. Wiki mbili kabla ya kuhamisha miche, punguza maji na kivuli ili izoee jua.

3. Chimba shimo la futi mbili. Weka udongo wa juu upande mmoja na wa chini upande mwingine. Wa juu ndio utangulie kurudi shimoni.

4. Panda mvua zikishika vizuri. Chana kiriba, ukitoe. Usikizike pamoja na mche.

5. Zungushia miiba, mbuzi wasile. Palilia, na moto wa kusafisha shamba usifike hapo.

Usipande miti mingi usiyoweza kuitunza. Panda mitano. Mwisho wa kiangazi zunguka shambani kwako, uihesabu tena.