Kipumulio cha injini ya ndege ya kujijengea: tukiunganishe na ekzosi au tukiache?



Miongoni mwetu wamo wanaojijengea ndege kwenye gereji za nyumba zao, hasa walioko Marekani na Uingereza, na swali moja limenifikia zaidi ya mara moja: "Kila nikiruka, tumbo la ndege linarudi limejaa oili. Nimeambiwa nitoboe bomba la ekzosi, nichomelee kijibomba, halafu nikiunganishe na kipumulio cha injini ili oili yote iungulie humo. Nifanye?"

Swali linaonekana la usafi, kumbe ni la usalama, kwa hiyo naomba nilijibu kwa kirefu kidogo ili hata asiye fundi aelewe. Jibu la mkato ni hili: inawezekana, na wapo iliowafaa, lakini usifanye mpaka uhakikishe kwamba pumzi ya injini ina njia ya pili ya kutokea siku njia ya kwanza itakapoziba. Na wewe panga kazi yako kana kwamba siku hiyo lazima ifike.

INJINI INAPUMUA NINI?

Tuchukue Lycoming O-360, injini inayofungwa kwenye ndege nyingi za kujijengea kama zile za Van's RV. Ina silinda 4, ujazo wa karibu lita 5.9, na inatoa nguvu za farasi 180 kwa mizunguko 2,700 kwa dakika. Muundo wake ni wa miaka ya 1950. Petroli ikiwaka ndani ya silinda, gesi inasukuma pistoni. Ringi za pistoni zinazuia karibu gesi yote, lakini si yote. Kidogo kinapenya pembeni na kushuka kwenye kasha la krenki, yaani lile tumbo la injini ambamo krenki inazunguka. Hata injini mpya inavujisha namna hiyo, na ikichakaa inazidisha. Ndiyo maana fundi wa gari kule nyumbani hufungua kifuniko cha oili injini ikiwa inaunguruma, akatazama moshi unaotoka, kisha akakutazama wewe usoni.

Gesi hiyo haishuki peke yake. Kilo 1 ya petroli ikiungua hutoa karibu kilo 1.4 ya maji kwa hali ya mvuke (uzito unaozidi ni wa oksijeni iliyotoka hewani, asishangae mtu). Mvuke mwingi unatoka na ekzosi, lakini sehemu yake inapenya kwenye kasha pamoja na asidi na, kwa wanaotumia petroli ya ndege ya 100LL, chembechembe za risasi. Humo ndani inakutana na ukungu wa oili inayorushwa na krenki. Mchanganyiko wote huo lazima utoke nje, na mlango wake ni mmoja tu: bomba la kipumulio.

Magari yalikuwa hivyo hivyo zamani. Bomba lilishuka chini na kumwaga uchafu barabarani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwa sababu ya moshi wa California, magari ya Marekani yalianza kurudisha gesi hiyo kwenye njia ya hewa ya injini ili iungue tena. Ndege ndogo nyingi hazikufuata. Oili ikiingia kwenye silinda pamoja na petroli huchafua plagi na kuirahisishia petroli kulipuka kabla ya wakati wake, jambo ambalo angani hulitaki hata kidogo. Basi kipumulio kikabaki bomba linaloshuka mpaka chini ya boneti ya injini, na oili inayodondoka inapeperushwa na upepo ikapaka tumbo la ndege mpaka mkiani.

DAWA TATU ZINAZOTUMIKA

Ya kwanza ndiyo rahisi kuliko zote: mdomo wa kipumulio unaishia sentimita 2 au 3 juu ya bomba la ekzosi bila kuligusa. Tone likidondoka linaangukia chuma cha moto na kuungua. Tumbo halitakuwa safi kabisa, lakini litakuwa na nafuu kubwa.

Ya pili ni kopo la kutenganisha. Gesi inapita humo, oili inanasa kwenye kuta, hewa inatoka. Mjadala wake ni hiyo oili iliyonaswa: ukiirudisha kwenye sampu unarudisha na maji na asidi yake. Kwa hiyo wapo wanaoikusanya kwenye chupa na kuimwaga.

Ya tatu ndiyo tuliyoulizwa: kuchomelea kijibomba ndani ya ekzosi na kuweka valvu ya njia moja katikati. Hii imetoka kwenye magari ya mashindano. Kanuni yake ni nzuri, tena inapendeza. Ekzosi haitoki kama maji ya bomba, inatoka kwa mapigo. Bomba la silinda moja kwa mizunguko 2,700 hupata mapigo 1,350 kwa dakika, kama 22 kwa sekunde. Kila pigo likipita kwa kasi linaacha nyuma yake upungufu wa shinikizo. Wakati wa pigo valvu inafunga, wakati wa upungufu inafunguka, na kasha la krenki linanyonywa. Ukungu wa oili unaingia kwenye gesi ya moto, unaungua, unatokea mwisho wa bomba. Tumbo linabaki linang'aa. Nani asiyetaka?

TATIZO LIKO WAPI?

Hatari ninazoziona ni nne, na ya kwanza ndiyo mama yao.

(1) Ukoko. Yeyote aliyewahi kusugua sufuria ya wali anajua kinachotokea pale kitu kinapokutana na chuma cha moto kila siku. Oili ikifika kwenye ule mdomo uliochomelewa haiungui yote; nyingine inaganda kuwa ukoko mweusi, mgumu kama jiwe. Safari baada ya safari tundu linapungua, na huku nje hakuna dalili. Bali utafurahi, maana tumbo ni safi! Tuseme, kwa mfano tu wa hesabu, gesi inayopenya ni lita 20 kwa dakika na nafasi tupu ndani ya kasha ni lita 20. Ukiziba njia, baada ya dakika 1 shinikizo la ndani limezidi la nje kwa kadiri ya angahewa zima, karibu kilo 1 kwa kila sentimita ya mraba. Sili ya mbele ya krenki, pale nyuma ya propela, ni mpira uliobanwa na kugundishwa mahali pake. Haikutengenezwa kubeba mzigo huo. Itachomoka, na oili itatoka kwa mbele, itafunika kioo cha rubani, kisha injini isiyo na oili itakwama. Yote hayo kwa ajili ya tumbo safi.

(2) Valvu. Ikikwama imefungwa, tumerudi kwenye namba (1). Ikikwama wazi, gesi ya ekzosi inarudi kinyume mpaka ndani ya kasha la krenki lenye ukungu wa oili, na inabeba joto, maji na asidi. Hapo oili inaharibika kabla ya muda wake, na hatari ya moto haiko mbali.

(3) Kunyonya kupita kiasi. Ile sili ya mbele kazi yake ni kuzuia oili isitoke nje. Kasha likinyonywa sana, hewa yenye vumbi inaingia kupitia hapo hapo, na oili inayobebwa nje inaongezeka. Mtu anashangaa injini imeanza kula oili na tumbo ni safi, kumbe anaiunguza.

(4) Barafu. Mvuke wa maji ukikutana na baridi kwenye mdomo wa bomba unaganda. Hili linahusu kipumulio chochote. Anayeruka Mombasa au Muscat atasema halimhusu, na akibaki chini huenda ni kweli. Lakini anayeruka Wisconsin au Scotland wakati wa baridi analikuta ardhini pale pale. Hatari iko pale ambapo bomba linatokeza kwenye upepo.

UKIAMUA KUFANYA, FANYA HIVI

Sisi tumelelewa na methali ya kuziba ufa. Hapa kazi ni kinyume chake: kuhakikisha kuna tundu ambalo haliwezi kuzibika.

Kwenye kipumulio cha kawaida dawa ni nyepesi: unatoboa tundu au mfereji mdogo kwenye bomba, ndani ya boneti kwenye joto, juu kidogo ya mdomo. Mdomo ukiganda, gesi inatokea hapo. Lakini kwenye mfumo wa kunyonywa na ekzosi tundu la wazi halifai, kwa sababu ekzosi itanyonya hewa ya bonetini badala ya gesi ya krenki. Kwa hiyo inahitajika valvu ya pili, inayofunguka kuelekea nje kwa shinikizo dogo sana, iwekwe karibu na injini, mbali na ekzosi. Bila valvu hii ya pili, mimi nasema usianze hata kutoboa.

Mengine ni haya:

- Kijibomba kiingie karibu na mwisho wa ekzosi, baada ya maungio yote na baada ya kasha linalochukua joto la kupasha chumba cha rubani. Hutaki ufa mpya mahali ambapo moshi wake unaweza kuingia kwenye hewa mnayovuta. Ekzosi ikiwa na sailensa, achana na wazo hili. Shinikizo la kurudi nyuma litaua mvuto wote.

- Kiingie kwa mlalo wa nyuzi 45 hivi, mdomo wake ukifuata gesi inakokwenda, si kuikabili.

- Chuma kiwe cha aina moja na ekzosi yenyewe, kwa kawaida stenlesi 321, na mchomeleaji awe anayejua kazi ya ekzosi za ndege. Kila mchomeleo mpya ni mahali papya pa kupasukia.

- Kati ya ekzosi na valvu pawe na kipande cha bomba la chuma, ili joto lipungue kabla ya kufika kwenye valvu na mpira. Na lazima pawe na kipande kinachopinda, kwa sababu injini inatikisika na ukuta wa kuzuia moto hautikisiki. Ukivifunga vyote kwa chuma kitupu, kitu kitakatika.

- Fungua na ukague kila unapobadilisha oili. Pitisha kijiti kwenye mdomo uliochomelewa, kwangua ukoko, jaribu valvu zote mbili.

UPIME, USIKISIE

Kuna majaribio mawili yasiyo na gharama. La kwanza, injini ikiwa imezimwa na imepoa: ziba njia ya kwenda ekzosi, kisha puliza kwa mdomo kupitia mpira uliounganishwa kwenye tundu la dipstiki. Pumzi yako itoke kwa urahisi kupitia valvu ya pili. Ikigoma, kazi haijaisha.

La pili, injini ikiwaka: chukua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ukunje kwa umbo la U, weka maji yenye rangi, unganisha upande mmoja na tundu la dipstiki na uwe nao ndani ya chumba cha rubani, mbali na propela. Utaona kama kasha linasukuma au linanyonywa, na kwa sentimita ngapi. Kipima mwendo cha ndege nacho kinafaa, maana chenyewe ni kipima shinikizo: maili 90 kwa saa ni sawa na sentimita 10 hivi za maji. Andika namba hizo kabla ya kubadilisha chochote, kisha baada yake. Namba ikipanda miezi ijayo, ukoko umeanza.

Na kabla ya yote hayo, uliza kwa nini oili inatoka. Dipstiki ya O-360 ina alama mpaka 8, lakini injini nyingi hutema inayozidi 6 au 7 kisha zikatulia. Acha kujaza mpaka juu uone. Kisha pima mgandamizo wa silinda. Ringi zikiwa zimekwisha, ekzosi haitazitibu, itaficha ugonjwa tu.

Mwisho, sheria. Uingereza badiliko kama hili linahitaji idhini ya LAA kabla ya kuruka. Marekani mjenzi ana uhuru mkubwa zaidi, lakini badiliko kubwa linaandikwa kwenye kitabu cha ndege, na ndege hurudi kwenye majaribio kabla ya kubeba abiria. Msiyaone hayo kama usumbufu wa makarani.

Binafsi, kwa ndege ya safari za kawaida ningechagua dawa ya kwanza: mdomo juu ya ekzosi, tundu la akiba kwenye joto, na kitambaa cha kufutia tumbo kila nikitua. Oili iliyoko tumboni unaiona na kuipangusa. Ukoko ulioko ndani ya bomba huuoni.

Naomba kuwasilisha.