TEGU MDOGO, UVIMBE MKUBWA

Wengi wetu tukisikia mbwa ana minyoo, twamfikiria mbwa mwenyewe: amekonda, tumbo limefura. Lakini yuko tegu mmoja ambaye mbwa hana habari naye, ilhali binadamu hukiona cha moto. Wataalamu humwita Ekinokokasi.

Ni mdogo ajabu, hazidi milimita 7. Mbwa aweza kubeba maelfu na bado akabweka na kucheza kama kawaida. Mayai hutoka na kinyesi, yakashika majani, maji na hata manyoya yake. Mbuzi, kondoo au ngamia akiyameza, hufanya vifuko vya maji katika ini na mapafu. Mbwa naye akitupiwa mapafu hayo mabichi, mchezo unaanza upya.

Je, mtu huingia wapi? Huingia anapomshika mbwa halafu akala bila kunawa. Kesho yake haumwi kitu. Kifuko hukua polepole, miaka na miaka, mpaka pengine tumbo likawa kama la mja mzito. Dawa ya albendazoli husaidia, lakini wengi hupasuliwa, tena kwa uangalifu mno, kwani kifuko kikipasukia ndani, maji yake yaweza kuua au kuzaa vifuko vingine.

Hapa Kenya ugonjwa huu umewatesa sana Waturkana. Kuna wanaowacheka ati wanalala na mbwa. Mimi sioni cha kucheka. Mahali ambapo hata maji ya kunywa ni shida, mbwa ndiye aliyemlamba mtoto mchanga akichafuka, alikuwa yaya. Mwaka wa 1983 shirika la AMREF lilianzisha mpango wa kupambana na ugonjwa huo kule. Wagonjwa walipasuliwa, na mbwa wakapewa dawa ya prazikwanteli. Taabu ni kwamba dawa hiyo huua tegu waliomo tu, haimkingi mbwa. Akila mapafu mengine yenye vifuko leo, baada ya wiki sita hivi anamwaga mayai tena.

Kwa hiyo mbuzi akichinjwa kwetu siku ya Krismasi, mimi huangalia ini na mapafu kwanza. Yakiwa na vifuko vya maji, ni ya kuchomwa au kufukiwa shimo refu, la sivyo yachemshwe nusu saa kabla mbwa hajayaonja. Jirani mmoja huniita "daktari wa mbwa". Mbwa wake bado hukaa miguuni pa mchinjaji, akimeza mate.