Mwigizaji Anapoondoka: Jina, Lafudhi na Hadhira ya Vichekesho vya Kiswahili

Katika Kiswahili cha Kivu, mtazamaji wa filamu hasemi "mhusika mkuu". Husema acteur. Neno hilo la Kifaransa kwa asili humtaja mwigizaji yeyote, mkubwa kwa mdogo; lakini vinywani mwa watazamaji wa Goma, Sake, Masisi au Walikale limebanwa maana, likabaki kumtaja shujaa peke yake. Anayempinga shujaa si acteur hata akiigiza kwa ustadi wa kushangaza. Yeye ni chef bandit, na hadhi yake ni nyingine kabisa. Tanzania nako watazamaji wamefika mahali palepale kwa njia ya Kiingereza: neno linaloandikwa mwanzoni mwa filamu kutangaza mwigizaji anayeongoza limezaa staringi, na staringi ni mhusika na mwigizaji kwa pamoja, bila mpaka baina yao. Ndiyo sababu msemo wa mabanda ya video kwamba staringi hafi hauhitaji ufafanuzi. Hauzungumzii mtu wa kubuni wala mtu wa kweli. Unazungumzia kitu kimoja ambacho lugha haikuona haja ya kukigawa.

Istilahi za darasani, yaani mhusika kwa upande mmoja na mwigizaji kwa upande wa pili, hukigawa kitu hicho. Mgawanyo huo una manufaa yake, lakini waweza kumpotosha mwanafunzi anayetaka kueleza jambo linalojitokeza kila mara kipindi cha vichekesho kinapompoteza kiongozi wake: kwa nini watazamaji humkataa mrithi, pengine hata kabla hajafungua kinywa? Jibu la haraka ni kwamba watu wana mazoea na hawapendi mabadiliko. Jibu hilo si la uongo ila ni jepesi mno, kwa maana watazamaji haohao hupokea mabadiliko ya nyumba, ya saa ya matangazo, hata ya wahusika wadogo, pasipo manung'uniko makubwa. Makala haya yanadai kwamba kiini cha jambo ni mahali jina la mhusika linapowekwa. Likiwekwa katika hadithi, mwigizaji aweza kurithiwa. Likiwekwa katika mwili na sauti ya mtu, huondoka naye.

Mifano iliyo wazi zaidi yatoka Kenya. Kipindi cha Vitimbi, kilichoanza katika miaka ya 1980 kwenye televisheni ya taifa, kilimpa umaarufu Benson Wanjau, aliyejulikana na vizazi viwili vya watazamaji kwa jina la Mzee Ojwang'. Wanjau alikuwa Mkikuyu. Ojwang' ni Mjaluo. Jambo hili hutajwa mara nyingi kama kioja tu, nalo lastahili kutazamwa kwa jicho la mwanaisimu. Lugha ya Kikuyu na lugha ya Wajaluo hazina mitego sawa kwa anayejifunza Kiswahili. Mkikuyu hutatanishwa na tofauti ya l na r. Mjaluo hukosa katika lugha yake sauti ya sh, hivyo katika lafudhi ya Kijaluo inayosikika jukwaani shida huelekea kuwa sida, na samahani ya mzee mwenye hasira hupanda na kushuka kwa mdundo usio wa Kibantu. Kumwigiza Ojwang' kulimtaka Wanjau aziache alama za lugha yake mwenyewe na kuvaa za jirani, wiki baada ya wiki, kwa miaka mingi, mbele ya wasikilizaji ambao wangegundua kosa mara moja kwa kuwa baadhi yao walikuwa Wajaluo. Lafudhi hiyo haikuandikwa popote. Hakuna mwandishi anayeweza kumwekea mrithi lafudhi katika karatasi. Aweza kuandika maneno tu.

Wanjau aliacha kuigiza mwaka 2012 hivi, macho yake yakiwa yamedhoofika, na Wakenya wakachanga fedha kwa ajili ya matibabu yake. Alifariki Julai 2015. Kipindi hakikumtafuta Ojwang' wa pili. Mama Kayai, mke wa Ojwang' katika mchezo, aliendelea kuonekana, na nafasi ya mumewe ikabaki kuwa nafasi. Tendo la kuchanga fedha nalo lina maana yake. Watu walichanga kwa ajili ya "Mzee Ojwang'". Waliosoma habari za kifo chake walisoma kwamba "Mzee Ojwang' amefariki". Sarufi ya sentensi hiyo ni sahihi na ukweli wake hauna shaka, ingawa kwa vigezo vya darasani imemwua mtu asiyekuwapo.

Miaka mitano baadaye sentensi hiyo ilirudi. Tarehe 18 Julai 2020, katika miezi ya kwanza ya janga la korona, alifariki Charles Bukeko, mwigizaji wa Papa Shirandula katika televisheni ya Citizen. Kipindi kilikuwa kimeonyeshwa kwa zaidi ya muongo mmoja, na jina la kipindi lilikuwa ndilo jina la mhusika, ambalo lilikuwa limekwisha kuwa jina la mtu. Msuko wake ulikuwa sahili na wa kuhuzunisha kwa undani: Shirandula ni askari wa lango anayemficha mkewe, Wilbroda, kazi yake halisi. Asubuhi hutoka nyumbani amevaa suti kama mkubwa wa ofisi, kisha huibadilisha kwa sare ya ulinzi. Kwa maneno mengine, mchezo wenyewe ulihusu mtu mmoja mwenye majina na mavazi mawili, na kicheko kilitokana na hofu kwamba siku moja mavazi hayo yatakutana. Ni vigumu kufikiria hadithi ambayo ingemruhusu mwigizaji mwingine kuivaa suti hiyo bila watazamaji kumwona kama mwizi wa nguo. Hakuna aliyejaribu. Shirandula mwingine hakutokea.

Linganisha na Marekani, ambako kumbadili mwigizaji mkuu kumefanywa mara nyingi kiasi cha kuwa desturi ya biashara. Katika Bewitched, kipindi cha miaka ya 1964 hadi 1972, Dick York aliacha kazi mwaka 1969 kwa maumivu ya mgongo. Msimu uliofuata Dick Sargent aliingia katika nyumba ileile, kwa mke yuleyule na kwa jina lilelile la Darrin, pasipo mtu yeyote ndani ya hadithi kueleza kwamba sura ya bwana imegeuka. Watazamaji walishangaa, wakabishana ni nani bora, ubishi ambao haujakwisha hadi leo, lakini kipindi kiliendelea kwa misimu mitatu. Njia ya pili ilitumika mwaka 2011 katika Two and a Half Men. Charlie Sheen alipofukuzwa, mhusika wake aliuawa ndani ya hadithi, na Ashton Kutcher akaletwa kama mtu mpya mwenye jina jipya. Sehemu ya kwanza baada ya mabadiliko, iliyoanza na mazishi, ilitazamwa na watu wapatao milioni 28, idadi ambayo kipindi hicho hakikuwahi kuifikia kabla yake. Wengi wao walikuja kuona tu itakuwaje. Idadi ilipungua baadaye, na kipindi kilifungwa mwaka 2015. Mazishi huvuta watu wengi kuliko ndoa ya pili.

Tofauti baina ya Darrin na Shirandula haitokani na upole wa Wamarekani wala ukaidi wa Waafrika Mashariki. Darrin aliandikwa. Kichekesho chake kilikuwa katika hali ya mume aliyeoa mchawi, na hali hiyo inasomeka katika karatasi kabla mtu hajaisema. Kichekesho cha Ojwang' kiko katika namna neno linavyotoka kinywani mwake.

Katika Kongo hali hii imefika mbali zaidi, na kwa bahati njema imechunguzwa. Kundi la Mufwankolo la Lubumbashi, lililoigiza kwa Kiswahili cha Shaba katika redio na televisheni, lilichukua jina la kiongozi wake, na jina hilo lilikuwa la jukwaani. Mufwankolo ni mhusika, ni mwigizaji, ni kundi. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian alilifuata kundi hilo mwaka 1986 lilipotunga mchezo juu ya methali isemayo kwamba mamlaka huliwa nzima, akachapisha matokeo katika kitabu chake Power and Performance mwaka 1990. Alichokionyesha ni kwamba hapakuwa na matini kabla ya mchezo. Waigizaji walikubaliana juu ya mtiririko, wakagawana nafasi, wakajadiliana maana, kisha kila mmoja akasema maneno yake. Matini ilipatikana baadaye, kutoka katika kanda zilizonaswa. Hapa swali la kumrithi mwigizaji linakosa hata pa kusimama: mrithi angerithi nini, iwapo hakuna kilichoandikwa na jina ni la mwenyewe?

Ushahidi wa upande wa pili wapatikana Tanzania, ambako waigizaji ndio walioondoka wote pamoja. Kundi lililopata umaarufu kwa jina la Ze Comedy katika kituo cha EATV lilipohamia TBC1 mwishoni mwa miaka ya 2000, lilijiita Ze Orijino Komedi. Neno orijino lilibeba hoja nzima: jina la kipindi laweza kubaki kwa mwenye kituo, lakini asili ni watu. Joti na Masanja walihama na majina yao kama mtu anavyohama na vyombo vyake.

Mtu aweza kudhani, kutokana na mifano hii, kwamba utamaduni wa masimulizi haujui kabisa kumrithi mwigizaji, na kwamba urithi wa namna hiyo uliletwa na maandishi. Walikale yatosha kuonyesha kinyume. Utendi wa Mwindo wa Wanyanga ulisimuliwa mwaka 1956 na fanani Rureke, kwa muda wa siku kumi na mbili, mbele ya Daniel Biebuyck na wasaidizi wake, ukachapishwa mwaka 1969 na Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene. Rureke hakusimulia ameketi. Aliimba, alicheza, alimwigiza Mwindo kwa mwili wake, akiwa na usinga mkononi kama shujaa mwenyewe, huku hadhira ikiitikia na wapigaji wakimfuatisha kwa vijiti. Hayo yote ni maigizo, na fanani ndiye acteur kwa maana zote mbili za neno. Hata hivyo Mwindo hakuwa mali ya Rureke. Aliupata utendi kwa mafunzo kutoka kwa waliomtangulia, na Biebuyck alikusanya masimulizi mengine kutoka kwa mafanani wengine wa Wanyanga, kila mmoja kwa njia yake. Hadhira ya Walikale ilimpokea Mwindo katika vinywa vingi.

Kwa nini basi iliwezekana kwa Mwindo isiwezekane kwa Ojwang'? Sababu moja yaonekana ndani ya utendi wenyewe. Fanani hukatiza hadithi akajisemea: hujitaja yeye, huomba zawadi, huzungumza na waliomzunguka, kisha hurudi kwa shujaa. Hadhira husikia majina mawili usiku mmoja, na hujua lipi ni la nani. Katika televisheni mwigizaji hana nafasi ya kujitaja. Jina la Wanjau lilipita mwishoni kwa herufi ndogo, ilhali la Ojwang' lilitamkwa mara kadhaa kila wiki sebuleni. Lililotamkwa ndilo lililoshika. Si ajabu kwamba mtu aliyesalimiwa barabarani kwa jina la mhusika kwa miaka thelathini hana mrithi. Mhusika amekwisha kuhamia kwake na kukaa.

Kwa wanaotaka kuandika vichekesho kwa Kiswahili cha Kivu, jambo hili lina uzito wa pekee. Lafudhi za Masisi na Walikale ni nyingi: Muhunde, Munyanga, Mkumu, Mtembo na msemaji wa Kinyarwanda hawasemi Kiswahili kwa mdundo mmoja, ingawa wote husema niko nasema na bako banacheka. Mwigizaji atakayemfanya mmoja wao achekeshe pasipo kumdhalilisha, katika nchi ambayo lafudhi imewahi kuwa sababu ya kumwuliza mtu kwao ni wapi, atakuwa amefanya kazi ngumu kuliko Wanjau, na kumpata wa pili itakuwa vigumu zaidi. Kumnasa katika kanda angali hai, na kuyanakili maneno yake kama alivyoyatamka, bila kuyasanifisha, ni kazi ambayo vitivo vya lugha vingeweza kuianza bila gharama kubwa.

Hata nyakati za vitenzi zinashuhudia tofauti hii. Anayeeleza utendi husema Mwindo anashuka kuzimu kumfuata baba yake. Hutumia wakati uliopo, kwa kuwa Mwindo hushuka kila anaposimuliwa. Anayemkumbuka mzee wa Vitimbi, hata akiwa ameitazama kanda ya zamani jana jioni, husema Ojwang' alikuwa akisema.