Hayabusa: Ndege Iliyoshindwa Kuzuia Posho ya Askari wa Keya

Sehemu ya Pili

Katika sehemu ya kwanza tuliwafuata vijana wa Kavirondo Kaskazini, wilaya iliyokuwa na makao makuu yake hapa Kakamega. Waliandikishwa Keya, yaani King's African Rifles, wakavuka bahari hadi Ceylon, na mwaka 1944 wakaingia Bama wakiwa ndani ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Leo tutazame angani. Adui alikuwa na ndege gani juu ya vichwa vyao? Na kwa nini ndege hiyo, iliyowatia Waingereza hofu mwaka 1942, haikuweza kuwanyima askari wetu chakula miaka miwili baadaye?

Wengi wamesikia habari za Zero. Ile ilikuwa ndege ya jeshi la wanamaji, na iliundwa na kampuni ya Mitsubishi. Vita vya Bama vilikuwa vya nchi kavu, na ndege iliyoonekana huko mara nyingi zaidi ni ya jeshi la nchi kavu, Nakajima Ki-43. Wajapani waliiita Hayabusa, yaani kipanga. Washirika waliipa jina la siri, Oscar. Kwa mbali rubani angeweza kuidhania Zero, maana zote mbili zilikuwa na pua ya duara, injini za jamii moja na bawa moja kila upande.

Habari yake inaanza Desemba 1937. Jeshi la Japani liliiagiza kampuni ya Nakajima ibuni ndege mpya ya kuchukua nafasi ya Ki-27. Masharti yalikuwa bayana: iende kasi ya kilomita 500 kwa saa, ipande hadi mita 5,000 kwa dakika tano, ifike umbali wa kilomita 800 na ibebe bunduki mbili za rashasha za milimita 7.7. Halafu likaja sharti lililozaa mengine yote: katika kugeuka na kupinduka angani, isipitwe na Ki-27.

Sharti hilo lilitoka kwa marubani wakongwe. Walikuwa wamepigana China kwa kuzungukana na adui hadi wamfikie mgongoni, na kwao ndege nzuri ilikuwa ile inayokata kona. Mfano wa kwanza uliporuka Januari 1939, hawakuridhika. Waliiona nzito na ngumu kugeuza. Hata magurudumu ya kukunjwa, yaliyopunguza ukinzani wa upepo, baadhi yao waliyaona mzigo usio na faida.

Wahandisi walirudi kazini. Walipunguza uzito kila walipoweza, kisha wakaweka vibawa vya ziada chini ya ukingo wa nyuma wa bawa, vilivyoitwa vibawa vya kipepeo. Rubani alivifungua katikati ya mapigano navyo vikatoka kwa nyuma, vikaongeza eneo la bawa. Bawa likipata eneo zaidi hubebwa zaidi na hewa, hivyo ndege iliweza kukata kona kali sana bila kudondoka. Miongoni mwa wabunifu alikuwamo kijana Hideo Itokawa, aliyeshughulikia mwenendo wa hewa juu ya umbo la ndege.

Wepesi huo ulikuwa na bei. Ndege za mwanzo hazikuwa na bamba la chuma la kumkinga rubani. Bawa lilikuwa jepesi mno kubeba bunduki, kwa hiyo zote mbili zilikaa puani, zikifyatua risasi kati ya mapanga ya propela inayozunguka. Baadhi ya mabawa ya mwanzo yalipata nyufa ndege ilipopiga mbizi kwa kasi, ikabidi yaimarishwe. Hayabusa ilikuwa kama bodaboda mbele ya lori la miwa: inapenya popote, lakini wakigongana, hakuna wa kuuliza nani ataumia.

Mwaka 1942 udhaifu huo haukuonekana sana. Rubani wa Uingereza aliyejaribu kuzungukana nayo aliangushwa. Washirika wakajifunza kutokea juu, kupiga na kuendelea kushuka bila kugeuka. Wajapani wakaleta toleo la pili, lenye injini ya nguvu farasi 1,150, propela ya mapanga matatu badala ya mawili, bunduki za milimita 12.7, bamba nyuma ya rubani na kinga kwenye matangi ya mafuta. Lakini bunduki zilibaki mbili. Ndege ya Thunderbolt, iliyoanza kutumiwa na Waingereza Bama mwaka 1944, ilikuwa na injini ya nguvu farasi zaidi ya 2,000 na bunduki nane za milimita hizo hizo 12.7.

Hapo ndipo habari inapowafikia watu wetu. Divisheni ya 11 iliteremka Bonde la Kabaw wakati wa masika ya pepo za monsuni. Njia ziligeuka matope, malori yakakwama, malaria ikatamba. Posho, risasi na dawa vilidondoshwa kwa miavuli kutoka ndege za Dakota, ndege za mizigo zisizo na bunduki hata moja. Hayabusa ilifaa kabisa kuziwinda, na iliangusha baadhi yake. Haikuweza kuzikomesha, kwa sababu ndege za Washirika zilikuwa nyingi zaidi na imara zaidi. Desemba 1944 askari wetu walikuwa Kalewa, ambako daraja la mita 352 lilijengwa juu ya mto Chindwin.

Baada ya vita Nakajima ilivunjwa vipande, na baadhi ya vipande hivyo vikaungana kuwa kampuni inayounda magari ya Subaru tunayoyaona kila siku hapa Kakamega. Itokawa aligeukia roketi, na mwaka 1955 akarusha roketi ndogo ya sentimita 23.

Kwa maoni yangu, kosa halikuwa la wabunifu, kwani walitimiza walichoagizwa. Kosa lilikuwa la wakubwa walioagiza ndege ya kesho ifanane na ya jana.

Sehemu ya tatu itawarudisha askari nyumbani. Msomaji mwenye medali ya Burma Star ya babu yake, au cheti chake cha kuachishwa jeshi, asivitupe. Aandike jina la babu na kijiji chake, avihifadhi.