Kabambare: Shimo wanalolipenda wachimbaji wa dhahabu, na lile wanaloliogopa

Kijana anayeondoka Kasongo kwenda kutafuta dhahabu upande wa Salamabila, teritwari ya Kabambare, hubeba vitu vichache: nguo za kazi, tochi ya kichwani, turubai, na namba ya simu ya ndugu aliyemtangulia. Uamuzi mkubwa zaidi humngoja hukohuko machimboni, na mara nyingi wengine ndio humwamulia. Ataingia shimo la namna gani?

Kwa mgeni, mashimo yote yanafanana: udongo mwekundu, maji ya rangi ya chai, watu waliojaa tope. Kwa mchimbaji, kila shimo lina tabia yake. Kuna la mtoni, kuna la wazi, kuna la kisima, kuna njia za chini kwa chini, na kuna yale yaliyochimbwa na mashine za kampuni. Kila aina ina namna yake ya kulisha familia, na ina namna yake ya kuua.

Kusini mwa Maniema jambo hili si dogo. Namoya, iliyo karibu na Salamabila, ni ncha ya kusini ya ukanda wa dhahabu unaoanzia Twangiza, Kivu Kusini, wenye urefu wa kilomita zipatazo 210. Dhahabu yake ilichimbwa tangu enzi za Wabelgiji. Kampuni ya Banro ya Kanada ilianza uzalishaji wa kibiashara Namoya Januari 2016, kisha ikasimamisha kazi Septemba 2019 kwa sababu ya ukosefu wa usalama. Wachimbaji wadogo walikuwapo kabla ya kampuni, na wangali wapo.

Shimo la mtoni: fupi, lakini la kila siku

Aliyefika jana kwa kawaida huanzia mtoni. Shimo la hapa halizidi sana kimo cha mtu. Wachimbaji huondoa udongo wa juu hadi wafike kwenye tabaka la kokoto na mchanga, ambako dhahabu iliyosombwa na maji kutoka milimani imetulia kwa miaka mingi.

Kazi yake haihitaji mtaji mkubwa. Beleshi, karai, na mfereji wa mbao uliotandikwa kipande cha zulia au blanketi vinatosha. Dhahabu ina uzito wa karibu mara saba ya mchanga wa kawaida wa ujazo uleule. Kwa hiyo maji yanapopita hubeba mchanga, na dhahabu hubaki imenasa kwenye nyuzi.

Mchimbaji hupenda shimo hili kwa sababu mbili. Kwanza, jioni anajua alichopata. Hakuna kusubiri miezi mitatu. Pili, likianza kubomoka, anaruka nje. Wanawake wengi pia hupata riziki huku kwa kuosha mchanga, kazi ambayo kwenye mashimo marefu huwafikia baada ya wengine kuchukua sehemu nono.

Ubaya wake ni kwamba linatoa kidogo. Mvua ikinyesha, mto hulifunika shimo kwa usiku mmoja, na kazi huanza upya. Tena mto ukishachafuliwa juu, kijiji cha chini hunywa tope, na mahali panapotumika zebaki hunywa kibaya zaidi.

Shimo la wazi: chaguo la mzoefu

Mchimbaji mzoefu akiachiwa achague mwenyewe, angechagua shimo pana lililo wazi, lililokatwa kwa ngazi. Mlima hufunuliwa kutoka juu kwenda chini, ngazi moja baada ya nyingine, kila ngazi ikiwa na upana wa kutosha mtu kusimama na kupitisha mzigo. Mwamba wa juu katika nchi hii yenye mvua nyingi umeoza kwa karne na karne hata ukawa laini, kiasi kwamba sururu na beleshi hufanya kazi bila baruti.

Hapa hewa ipo, mwanga upo, na wenzako wanakuona. Udongo ukipasuka juu, mtu atapiga kelele na wote watakimbia. Mita moja ya ujazo ya udongo uliolowa ina uzito unaokaribia tani mbili, na hakuna anayesukuma uzito huo kwa mikono. Kinachomwokoa mchimbaji ni nafasi ya kukimbia.

Lakini shimo la wazi lina gharama. Ili kufikia mwamba wenye dhahabu, lazima kwanza kuhamisha udongo mwingi usio na kitu. Hiyo ni siku nyingi za kula bila kuingiza. Ndipo ujanja unapoanza: badala ya kuondoa udongo wa juu, watu huchimba kwa chini na kuuacha ukiwa umening'inia kama paa. Wengine hurundika kifusi ukingoni kabisa mwa shimo, kwa sababu kukipeleka mbali ni kazi isiyolipwa. Kifusi hicho huulemea ukuta, mvua huuongezea uzito, na siku moja ukuta huenda.

Hivyo shimo lile lililokuwa salama kuliko mengine hugeuka kuwa mtego, ingawa umbo lake kwa mbali halijabadilika.

Shimo la kisima: mwenye fedha hulipenda, anayeshuka hulihofia

Dhahabu ya mtoni hupungua, ya juu ya mlima huisha. Inayobaki imo ndani ya mshipa wa jiwe jeupe unaoteremka kwenda chini. Kuufuata, watu huchimba kisima chembamba, mara nyingi upana wa kutosha mwili mmoja na kamba.

Mwenye shimo, ambaye machimboni huitwa PDG kama mkurugenzi wa kampuni kubwa, hulipenda shimo hili. Udongo wa kuhamisha ni mdogo, eneo linalohitajika ni dogo, na mshipa ukipatikana faida ni kubwa. Kwa anayeshuka, mambo ni tofauti. Njia ya kuingia ndiyo njia pekee ya kutoka.

Adui wa kwanza ni kuta. Kisima kinahitaji magogo ya kuzuia udongo, na magogo yanahitaji kubadilishwa kwa sababu huoza haraka kwenye unyevu. Adui wa pili ni maji, na ndiye anayemleta wa tatu, ambaye haonekani.

Pampu iliyowekwa juu ya ardhi haiwezi kuvuta maji kutoka kina kinachozidi mita saba au nane hivi. Hilo ni sharti la maumbile. Hata pampu mpya haiwezi kulikwepa. Kisima kikipita kina hicho, watu huishusha pampu yenyewe ya petroli ndani ya shimo. Moshi wake una gesi isiyo na harufu wala rangi, ambayo hujaa chini palipo na hewa kidogo. Mchimbaji huhisi kichwa kinauma, kisha usingizi, kisha magoti yanalegea. Mwenzake akishuka kumwokoa bila hewa safi kupelekwa kwanza, huanguka naye. Ndiyo maana ajali moja ya namna hii huweza kuondoa ndugu wawili au watatu.

Njia za chini kwa chini

Mshipa haushuki wima siku zote. Unapokata kona, wachimbaji huufuata kwa kutoboa njia za pembeni. Wachimbaji wa mashimo mawili ya jirani wanaweza kukutana huko chini bila kutarajia, na ugomvi wa mpaka huanza mahali ambapo hakuna mzee wala polisi wa kuamua.

Tatizo kubwa zaidi ni nguzo. Njia hizi husimama kwa sababu sehemu ya mwamba imeachwa bila kuguswa ili ibebe mlima. Lakini nguzo hiyo nayo ina dhahabu. Shimo likianza kukauka, jicho la kila mtu huigeukia.

Nini hutokea mvua ikikuta mashimo ya aina hii, watu wa ukanda huu wanajua. Tarehe 11 Septemba 2020, huko Kamituga, Kivu Kusini, mvua kubwa ilijaza maji kwenye mashimo ya eneo liitwalo Detroit. Watu wapatao 50 walihofiwa kufa. Wengi wao walikuwa vijana.

Mashimo ya kampuni

Kuna pia mashimo yaliyokatwa na mashine, na haya ndiyo yanayodanganya zaidi. Mwamba umeshafunuliwa, barabara imeshachongwa, na mtu anaweza kuona mshipa kwa macho. Kwa aliyezoea kuhamisha udongo kwa beleshi, hilo ni kama kukuta chakula kimeshapakuliwa.

Lakini kuta zile zilikatwa kwa hesabu ya kampuni inayopima nyufa, inayotoa maji kila siku na kuzuia watu kusimama chini yake. Usimamizi huo ukiondoka, ukuta hubaki na urefu wake bila mlinzi. Mchimbaji anayechokonoa chini yake kwa nyundo na patasi analiondoa lile jiwe lililokuwa likishikilia mengine.

Nani anachagua?

Ukiyapanga mashimo haya kwa mapenzi ya wanaoshuka, la wazi lenye ngazi na la mtoni yatakuwa juu, kisima na njia za chini yatakuwa mwisho. Ukiyapanga kwa mapenzi ya wanaotoa fedha, orodha inaweza kupinduka. Hapo ndipo lilipo tatizo lote.

Chakula, petroli, kamba na magogo hutolewa kwa mkopo na PDG au na mnunuzi wa dhahabu. Dhahabu ikitoka, gharama hurudishwa kwanza, kinachobaki ndicho hugawanywa. Kwa mpango huo kila gogo la ziada ni deni, na kila siku ya kupanua ngazi ni deni. Mchimbaji anayesema ukuta huu haufai anaongeza deni la kundi zima. Wengi hunyamaza na kushuka.

Sheria haikusahau mashimo. Kanuni za madini za Kongo zinakataza mchimbaji mdogo kupita kina cha mita 30. Sheria ya madini ya 2002, iliyorekebishwa Machi 2018, inataka wachimbaji wawe watu wazima, wawe ndani ya ushirika, na wafanye kazi kwenye maeneo yaliyotengwa kwa ajili yao. SAEMAPE, idara ya serikali ya kusaidia na kusimamia uchimbaji mdogo, ndiyo inayotakiwa kuwafundisha na kuwakagua.

Ugumu ni kwamba eneo lililo chini ya kibali cha kampuni haliwezi kutengwa kwa wachimbaji wadogo. Kwa hiyo anayechimba ndani ya eneo la kampuni huhesabiwa kuwa mvamizi, na mvamizi hukaguliwi shimo lake. Hufukuzwa au huachwa. Anayeachwa huchimba harakaharaka, akijua kesho anaweza kuondolewa. Mtu asiye na uhakika wa kesho hatakata ngazi pana leo.

Kabla ya kushuka

Kiangazi, kuanzia Juni hadi Agosti, ndicho kipindi cha afadhali. Mvua zikirudi Septemba, shimo lililokuwa zuri mwezi uliopita linaweza kuwa baya bila mtu kulibadilisha. Magogo yaangaliwe kabla ya kila zamu, kifusi kiwe mbali na ukingo, pampu ya petroli isishushwe shimoni watu wakiwamo, na anayezimia asifuatwe kabla hewa haijapulizwa chini.

Haya hayahitaji mtaalamu kutoka Kinshasa. Yanahitaji magogo, muda, na mtu wa kuyalipia. Ndugu waliobaki Kasongo hupiga simu kuuliza umepata gramu ngapi. Wakiuliza pia shimo ni la namna gani, na likianza kubomoka mnatokea wapi, kijana atakuwa na sababu moja zaidi ya kukataa kushuka.